Picha Si Gari: Shutuma Dhidi ya Uhakiki wa Maandishi ya Matatu

Kwa miaka mingi sasa idara zetu za fasihi zimekuwa zikipokea tasnifu juu ya maandishi ya matatu, daladala na malori. Hilo ni jambo la kupongezwa, kwani kuna wakati ambapo mwanafunzi aliyependekeza mada ya namna hiyo angeambiwa aende akatafute utenzi. Hata hivyo, mtu akizisoma tasnifu hizo kwa makini atagundua jambo ambalo wachache miongoni mwetu wamekuwa radhi kulitamka: aghalabu hazihakiki maandishi ya matatu hata kidogo. Zinahakiki picha. Mwanafunzi huenda steji na kamera, au siku hizi simu, hupiga picha arubaini au hamsini, hurudi bwenini, hunakili maneno yaliyomo, huyapanga kwa dhamira (mapenzi, dini, siasa, wivu), kisha huyafafanua kana kwamba yalichapwa katika diwani. Gari lenyewe limekwisha kwenda zake, na hakuna anayeliulizia.

Ninadai katika makala haya kwamba kazi ya namna hiyo haistahili kuitwa uhakiki, na kwamba lawama haiwahusu wanafunzi. Inatuhusu sisi tulio walimu na watahini, tunaoipokea picha kama matini asilia ilhali picha ni toleo tu la matini, toleo lenye mhariri, lenye mahali pa kusimama, na lenye mambo liliyoyaacha nje.

Nitaanza na kisa ambacho hakinipi sifa. Miaka michache iliyopita nilikuwa mmoja wa watahini wa tasnifu ya uzamili katika chuo kikuu ambacho sitakitaja. Mtafiti alikuwa amekusanya maandishi ya magari ya abiria yanayofanya kazi kati ya Sigor na mji wa Bomet. (Sigor ninayoizungumzia ni ile ya Chepalungu, katika Kaunti ya Bomet, wala si ile ya Pokot Magharibi ambayo watu wa mbali huichanganya nayo.) Picha moja ilizua mjadala. Ilionyesha nyuma ya Toyota Hiace. Juu, kwenye kioo, palikuwa na neno KONGOI kwa herufi kubwa nyekundu. Ni neno la Kikipsigis la kushukuru, na halikuhitaji maelezo mengi. Chini ya kioo palikuwa na mstari mwingine, lakini ulikuwa umefunikwa na tope, na mkono wa makanga ulioshika kitambaa ulikuwa ndio kwanza umeanza kuufuta. Zilizosomeka ni herufi tatu tu: SUB. Jopo lilimtaka mtafiti arudi akapige picha safi, isiyo na tope na isiyo na mkono. Akarudi, akaipiga. Mstari wa chini ukasomeka wote: SUBIRA YA MAMA. Sura iliyohusika ikasahihishwa ili ieleze dhamira ya subira kwa mintarafu ya methali za Waswahili na mafundisho ya dini. Nilitia saini pamoja na wenzangu.

Yaliyobaki niliyajua baadaye, mtafiti aliponionyesha daftari lake. Mambo hayo hayakuingia katika tasnifu kwa sababu hatukuwa tumeyauliza. La kwanza ni kwamba katika miezi ya mvua mstari ule wa chini hufunikwa na tope karibu kila siku, na hakuna abiria anayehitaji kuusoma. Gari lenyewe huitwa Subira. Mtu anayefika steji akiwa amechelewa huuliza, "Subira imepita?" Makanga akiita abiria huita kwa jina hilo. Yaani maandishi haya, ambayo tuliyachukulia kuwa fasihi andishi kwa kuwa yameandikwa, huishi vinywani mwa watu wakati hayasomeki. La pili lilinitia haya zaidi. Mama yake mwenye gari ni mkulima mdogo wa chai katika sehemu za juu za kaunti. Kwa miaka mitatu mfululizo alimwachia mwanawe bonasi yake ya chai ili apate malipo ya kwanza ya kununulia gari, na kwa miaka hiyo mitatu nyumba aliyokuwa amekusudia kuiezeka upya ilibaki na mabati yake makuukuu. Aliyeishi katika nchi ya chai hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Bonasi ndiyo fedha inayongojewa na karo, na mabati, na mahari, na deni la dukani. Kwa hiyo maneno SUBIRA YA MAMA hayakuwa nasaha kwa abiria. Yalikuwa stakabadhi ya deni, iliyobandikwa mahali ambapo kila anayemjua mama yule angeiona kila siku. Na KONGOI, ambayo tasnifu ilieleza kuwa shukrani kwa Mwenyezi Mungu, yamkini ilikuwa ikimshukuru mtu wa karibu zaidi.

Basi tuliagiza tope na mkono viondolewe, navyo ndivyo vilivyokuwa vikituambia jinsi maandishi yale yanavyotumika.

Kuna wasomaji watakaosema kwamba hili ni suala la maadili ya utafiti wa nyanjani tu na halina uhusiano na nadharia. Nadhani linahusiana nayo kabisa, na wanaotaka kuona hivyo na waangalie historia ya picha za grafiti katika treni za chini ya ardhi za New York, ambako tatizo hili lilijitokeza wazi kuliko popote. Mwaka 1984 Martha Cooper na Henry Chalfant walitoa kitabu cha picha kiitwacho Subway Art. Majina yao hutajwa pamoja kama kwamba walifanya kazi moja. La. Chalfant alikuwa mchongaji wa sanamu. Alisimama kwenye jukwaa la stesheni zilizo juu ya ardhi, akangoja treni isimame upande wa pili wa reli, kisha akapiga picha za sehemu za behewa moja baada ya nyingine, huku akisogea. Baadaye aliziunga sehemu hizo hadi akapata behewa zima, lililonyooka, bila ya mji wala abiria, kama ukurasa uliotandazwa. Cooper alikuwa amefanya kazi ya upigaji picha katika gazeti. Yeye alisimama kwenye viwanja vitupu vya Bronx kwa saa nyingi akingoja treni ipite juu ya nguzo za reli, kati ya majengo yaliyoharibika, katika mwanga alioutaka. Katika picha zake mchoro ni mdogo, na mara nyingine haukamiliki kuonekana, lakini unapita mahali fulani na watu fulani wako chini yake.

Hizo ni njia mbili za kuhakiki, na sitajifanya kwamba moja ni takatifu na nyingine ni dhambi. Bila Chalfant tusingejua umbo la herufi, tofauti ya mkono wa mchoraji huyu na wa yule, wala mabadiliko ya mtindo kutoka mwaka hadi mwaka. Bila Cooper tusingejua kwamba michoro ile ilifanywa ili ipite. Ubaya wetu ni kwamba tunapiga picha kwa njia ya Chalfant bila kujua, kisha tunadai matokeo ya Cooper. Tunakata muktadha, halafu sura ya tatu ya tasnifu inaitwa "Muktadha wa Kijamii" na kujazwa mambo yaliyonakiliwa vitabuni. Chalfant mwenyewe, tukumbuke, hakuishia kwenye picha. Vijana waliochora walimpigia simu kumwarifu treni gani imechorwa usiku ule, na walikuwa wakienda katika karakana yake kuzitazama picha na kubishana juu yake. Hadhira ya kwanza ya toleo lake ilikuwa watunzi. Ni tasnifu ngapi katika rafu zetu ambazo mchoraji mmoja wa matatu ameziona?

Ajabu ni kwamba sisi, kati ya wahakiki wote wa dunia, hatupaswi kufundishwa jambo hili na New York. Taaluma ya ushairi wa Kiswahili ilijengwa juu ya swali la nani alinakili, lini, na kutoka kwa nani. Tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, zilitufikia kwa sababu W. E. Taylor alizikusanya Mombasa katika karne ileile kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. William Hichens akazihariri na kuzitoa mwaka 1940. Mohamed Abdulaziz akazirudia, akazifafanua na kuzitia katika historia ya mji wake katika kitabu cha 1979. Hakuna mwanafunzi wa uzamili anayeweza leo kutaja shairi la Muyaka mbele ya jopo bila kuulizwa analitoa wapi. Tunamuuliza juu ya kila mkono ambao shairi lilipitia. Tunamuuliza hata kama neno fulani ni la Kimvita au ni kosa la mnakili. Lakini mwanafunzi huyohuyo akileta picha ya nyuma ya matatu tunamuuliza jambo moja tu: dhamira ni ipi?

Hebu tumuulize maswali ya Muyaka, tuone tutafika wapi. Magari mengi ya abiria nchini Kenya huingia yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na baadhi hufika yakiwa bado na jina la kampuni ya huko, kwa herufi za Kijapani, ubavuni. Gari likichakaa katika njia za Nairobi, ambako mashindano ni makali na vijana hawapandi gari la jana, huuzwa mashambani. Hufika mahali kama Sigor likiwa na jina la mwanamuziki wa Marekani au mchezaji wa mpira wa Uingereza, na mwenye gari mpya, ambaye ana madeni ya kutosha, haoni haja ya kulipia rangi ya kulifuta. Huongeza neno lake pale penye nafasi. Kwa hiyo nyuma ya gari moja panaweza kuwa na mikono mitatu: wa karani wa Kijapani, wa mchoraji wa Nairobi, na wa mwandishi wa mabango wa Bomet. Mtafiti hupiga picha, huandika kwamba vijana wa Chepalungu wameathiriwa na utandawazi, na hupewa alama nzuri. Herufi za Kijapani huzikata pembeni kwa kuwa si "data". Muswada wenye mikono mitatu ungekuwa furaha ya mwanafilolojia yeyote. Sisi tunaukata kwa mkasi.

Najua pingamizi kubwa litakalotolewa hapa, nalo ni zito. Litasema: bila picha tusingekuwa na chochote. Magari huozea gereji, rangi hufutwa, na serikali nayo haikusaidia. Matatu ziliruhusiwa kufanya kazi bila leseni kwa tamko la Rais Jomo Kenyatta la mwaka 1973, na katika miongo iliyofuata zikawa ukuta mkubwa wa kuandikia kuliko kuta zote za nchi. Kisha zikaja kanuni za Waziri John Michuki, zilizotangazwa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004: vidhibiti mwendo, mikanda ya usalama, sare za makanga, na mstari wa manjano ubavuni. Michoro mingi ya miaka ya tisini ilizikwa chini ya rangi wakati huo. Huko New York nako mamlaka ya usafiri ilitangaza tarehe 12 Mei 1989 kwamba treni ya mwisho yenye grafiti imeondolewa kazini. Katika hali zote mbili kilichobaki ni picha.

Ninalikubali pingamizi hili lote, na ndilo linalonipa hoja yangu. Kama nakala asilia zipo, picha mbovu haina madhara makubwa. Atakaye ataenda mwenyewe kutazama. Nakala asilia zikishafutwa, picha ndiyo muswada pekee, na kila kilichoachwa nje ya fremu kimepotea kabisa. Mkusanyaji wa mwaka 2003 aliyetuachia sentensi mia mbili za matatu bila njia za magari, bila tarehe, bila majina ya waliochora, ametuachia mafumbo yasiyo na mfumbaji. Tunayaita methali za kisasa kwa sababu tu hatujui ni maneno ya nani. Wengi wa waliochora walikuwa hai, wana karakana zao, na wangeweza kuulizwa.

Treni na picha zilikutana pia hapa Kenya, na wahakiki wetu, isipokuwa wachache, walinyamaza. Mwaka 2009 Mfaransa anayejiita JR alifunika mapaa ya nyumba za Kibera kwa picha kubwa za nyuso za wanawake wa mtaa huo, zilizochapwa juu ya plastiki isiyopitisha maji, na akabandika picha za macho yao ubavuni mwa treni inayopita hapo. Sehemu za chini za nyuso ziliwekwa kwenye mteremko chini ya reli. Treni ilipopita, kwa nukta chache, macho yalikutana na nyuso. Lakini ili zikutane, mtazamaji alipaswa asimame mahali maalumu, na mahali hapo ndipo palipowekwa kamera. Aliyekuwa ndani ya behewa hakuona kitu. Aliyekuwa chini ya paa aliona, mvua iliponyesha, kwamba halivuji tena, na huo pia ni usomaji wa picha, pengine bora kuliko wetu. Miaka minne baadaye, kabla ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, mabehewa ya treni ya abiria ya Rift Valley Railways inayopita Kibera yalichorwa michoro na maneno ya amani kwa idhini ya kampuni. Reli ileile iling'olewa na vijana wenye hasira katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Picha za mabehewa yale zilienea duniani. Nikizitazama naona rangi nzuri na neno amani. Sioni reli. Mtu asiyejua kwamba maneno yale yalikuwa yakipita juu ya vyuma vilivyowahi kung'olewa atadhani ni pambo.

Kuna jambo jingine ambalo nitaligusa kwa ufupi, kwani wengine wanalijua kuliko mimi. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitaka vijana waachwe wapambe matatu, na michoro ikarudi Nairobi kwa kishindo, ijapokuwa msako wa Novemba 2018 uliitikisa tena. Manyanga za leo, au nganya kama zinavyoitwa, nyingi huchorwa huku kamera ikikumbukwa: gari hupigwa picha na video kabla halijabeba abiria hata mmoja, likiwa safi, taa zote zikiwaka. Hapa picha imetangulia gari. Mhakiki anayeendelea kuichukulia picha hiyo kama dirisha la kumwonyesha mtaa anadanganyika mara mbili, maana anachokitazama ni tangazo.

Nikiulizwa kazi gani ninayoiona kuwa ya kuigwa, sitaitafuta mbali wala nje ya Kiswahili. Katika miaka ya 1973 na 1974, huko Shaba, Johannes Fabian alikutana na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyekuwa akichora historia ya nchi yake na kuandika maneno juu ya picha zake. Fabian angeweza kuzipiga picha zile na kuondoka nazo. Alimwomba mchoraji azieleze moja baada ya moja, akamrekodi kwa Kiswahili cha Shaba, na kitabu kilichotoka mwaka 1996 kina picha na pia sauti ya aliyezichora, pamoja na ubishi wake, kusitasita kwake na mambo aliyokataa kuyasema. Tunaweza kukosoa mengi katika kitabu hicho, na wapo waliokikosoa. Lakini hakuna anayeweza kukisoma akadhani kwamba picha zilijichora.

Ninalolidai kwa idara zetu ni dogo mno kulinganisha na hilo. Kila picha ya gari inayowasilishwa kama matini iambatane na njia ya gari, tarehe, jina analolitumia mchoraji kama yuko radhi litajwe, jina ambalo abiria huliitia gari, na maelezo ya mahali mpigapicha aliposimama. Palipo na mikono miwili au mitatu, isemwe. Palipo na tope, liachwe. Na mtahini atakayemwagiza mwanafunzi akaoshe gari kabla ya kulipiga picha aandike sababu zake kwa mkono wake, zifungwe pamoja na tasnifu. Wenzangu fulani wameniambia kwamba hilo litapunguza idadi ya picha ambazo mwanafunzi anaweza kukusanya kwa muda aliopewa. Ni kweli. Mtafiti wa Sigor alikuwa na picha sitini na nne. Kwa maelezo yaliyomo katika daftari lake, nadhani kumi na moja zingemtosha kwa tasnifu bora kuliko ile tuliyoipitisha.

Nilimwomba ile picha ya kwanza naye akanipa. Niliiandikia maktaba inayohifadhi tasnifu hiyo kuomba picha yenye tope ifungwe pamoja na ile safi, na kurasa nne za daftari zifuatie. Nilijibiwa kwamba tasnifu iliyokwisha kutahiniwa haiwezi kuongezwa kitu. Wakati barua zikienda na kurudi, gari liliuzwa kwa mtu wa Narok, ambaye ameacha KONGOI ilivyo na kupaka rangi nyeupe juu ya mstari wa chini. Mtafiti anasema pale Sigor bado wanaliulizia kwa jina lake. Nimeiandikia maktaba barua ya pili.